Ukuta wa Ijumaa Tumeubomoa

Migori, Jumapili jioni

Jaduong' Obunga,

Naanza na neno gumu ili nilitue chini, kisha tuzungumze vizuri. Ule ukuta wako wa Ijumaa tumeubomoa. Tofali la kwanza nililitoa mimi mwenyewe, kwa mkono huu huu ulioufundisha kushika mwiko. Usinikasirikie kabla hujafika mwisho wa barua. Nakujua, ulikuwa unapenda kumkatiza mtu angali anaeleza.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu hatukuwahi kuwa na lugha nyingine, wewe na mimi. Wewe mtu wa kisiwa cha Mfangano, mimi mtu wa Kegonga, Ukuriani. Kikuria hukukijua hata salamu, na Kidholuo changu, ukiondoa hilo neno Jaduong', yaani mzee, kilikuwa kinawachekesha vibarua wote. Kiswahili chetu kilikuwa cha simiti na matofali, kimekwaruzwa kila upande, lakini sikumbuki siku tuliyokosa kuelewana. Leo najitahidi kukinyoosha kidogo, maana barua ni barua.

Sikufika mazikoni kwako. Hilo nalo nalisema mapema, kwa sababu limenikaa kifuani. Habari zako zilitufikia Alhamisi asubuhi pale Homa Bay, tukiwa tunamwaga linta, ule mkanda wa zege wa juu ya madirisha, kwenye lile bweni la wasichana. Zege lilikuwa limeshachanganywa. Injinia alisema watu wawili wanaweza kwenda na mashua, na watu wakanitazama mimi wakijua nitakuwa wa kwanza. Nikasema waende fundi mwenzangu Ogweno na mtu mwingine, mimi nabaki. Wewe ndiye uliyeniambia kwamba zege likishapata maji halingoji mtu. Nililimwaga nikilia, na vibarua wakajifanya wanatazama makarai yao. Linta ile haina ufa hata mmoja mpaka leo. Sijui kama huo ni udhuru wa kutosha, lakini sina mwingine.

Unakumbuka nilivyokuja kwako? Nilikuwa mtu mzima, nina mke na watoto wawili, na kule nyumbani nilikuwa nimejenga nyumba tatu zilizosimama. Nilidhani najua kazi. Ukanipa matofali na matope, ukasema nijenge ukuta wa urefu wa mtu aliyelala. Nikajenga kwa nguvu zote, jasho likinitiririka, nikasubiri sifa. Wewe ulikuwa umekaa juu ya mfuko wa simiti ukichora vistari mchangani kwa kijiti. Nikauliza ni nini hivyo. Ukasema ni hatua zangu, kila nilipotoka ukutani kwenda kwenye rundo la matofali na kurudi. Vistari vilikuwa vimejaa mpaka chini ya viatu vyako.

"Jakuria, miguu haijengi," ukaniambia, ukiniita Mkuria kwa Kidholuo. "Kwa hatua hizi ungekuwa umeshafika kwenu Kegonga."

Nilikuchukia siku hiyo, nakwambia kweli. Lakini kesho yake nilirudi, ukaanza kunifundisha upya kama mtoto wa darasa la kwanza. Matofali kushoto, udongo kulia, na katikati hatua moja tu. Tofali linyweshwe maji kwanza lisije likafyonza maji ya simiti. Mwiko mmoja utandaze udongo wa matofali matatu, si kupaka tofali moja moja kama anayepaka mkate siagi. Mkono unaoweka tofali urudi na udongo uliofurika pembeni, usirudi mtupu. Mambo madogo madogo, ya kumchosha mtu kwa kuyasikia tu. Baada ya majuma matatu nikaona jioni mgongo hauniumi tena na ukuta wangu umepita wa jirani yangu, naye alikuwa na nguvu kuliko mimi.

Halafu kulikuwa na ule wazimu wako wa asubuhi. Kila siku, kabla kazi ya mkandarasi haijaanza, tulijenga ukuta wa mazoezi pale kando, matofali na matope tu bila simiti, unaofika kiunoni. Tukishamaliza tunaning'iniza timazi, uzi wako ule wenye kipande cha chuma kizito, utuambie kama ukuta umesimama wima. Kisha tunaubomoa wote, tunapangusa matofali, tunayapanga safu kwa ajili ya kesho. Ukuta ukiwa umetoka nje, yaani umeinama, aliyeukosea anachekwa na kila mtu, na yeye ndiye anayetoa tofali la kwanza. Ulisema sheria hiyo haina mkubwa wala mdogo.

Injinia alipotuona mara ya kwanza alidhani analipa watu kucheza. Ulimwomba mwezi mmoja. Mwezi ulipokwisha hakuuliza tena, maana kona tulizokuwa tunazivuta siku mbili zilikuwa zinapanda kabla ya chakula cha mchana. Na zilikuwa zimenyooka. Hakuna aliyekuwa anarudia kazi.

Ogweno peke yake ndiye ambaye hakuyapenda mazoezi hayo tangu mwanzo. Si kwamba alikuwa mvivu, Ogweno ana mikono miwili yenye kazi ya watu watatu. Lakini kwao Wajaluo, na hata kwetu Wakuria, nyumba ya mtu aliye hai haivunjwi hivi hivi. Nyumba huvunjwa mwenyewe akishakwenda, tena kwa taratibu zake. Kujenga na kubomoa kila asubuhi, alisema, ni kukionyesha kifo njia ya kuja kazini. Ukamjibu kwamba ukuta usio na mlango wala paa si nyumba ya mtu, ni kibao cha shule: unaandika, unafuta, unaandika tena. Ogweno akatikisa kichwa kama aliyekubali. Kumbe alikuwa amelihifadhi neno lake moyoni.

Mimi Jumamosi ndiyo iliyonifanya fundi. Wewe Msabato, Ijumaa jua likianza kuinama mwiko wako umeshaoshwa na kufungwa ndani ya gunia, na hakuna injinia duniani angekutoa kanisani kesho yake. Ijumaa moja ulinikabidhi timazi mbele ya watu wote, nisimamie kesho yake, nikiwa na miezi mitano tu kazini. Ogweno alikasirika akaninunia siku mbili. Nilikuuliza kwa nini umenichagua mimi. Ukasema, "Kwa sababu wewe unaogopa." Nilidhani umenitukana. Sasa nikimtafuta mtu wa kumwachia kazi, najikuta namtafuta yule anayepima mara mbili.

Sasa ile Ijumaa. Ulituambia tukae kando, utajenga mwenyewe utuonyeshe jinsi kona inavyofungwa. Mimi ndiye niliyekuwa nakupitishia matofali, kwa hiyo nilikuwa karibu. Niliona jasho, na asubuhi ile ilikuwa ya baridi. Niliona unatua kati ya tofali na tofali kama mtu anayefikiri, kumbe unatafuta pumzi. Nikaendelea kukupitishia matofali tu. Nimejilaumu kwa hilo sana, Jaduong', na nafikiri nitaendelea kujilaumu. Ulipoweka tofali la mwisho injinia akakuita ukatazame michoro, kazi ya siku ikaanza, na ukuta ukabaki pale bila kupimwa wala kubomolewa. Jumamosi sikuugusa, ili ukungoje wewe mwenyewe; Jumatatu hukuweza kuinuka kitandani. Walikupeleka nyumbani kwa mashua ukiwa umefunikwa blanketi mbili, na Alhamisi ikawa ndiyo Alhamisi ile niliyokueleza.

Ogweno aliporudi kutoka Mfangano alienda moja kwa moja hadi kwenye ukuta wako akavua kofia. Hakusema kwamba alitutahadharisha. Angesema, ningepata la kumjibu. Alisema tu ukuta huu haubomolewi, na asiwepo mtu wa kujenga mwingine kando yake. Watu wakakubali. Na mimi, Chacha, mwanafunzi wako, nikakubali pia. Mvua zilipoanza nilitafuta mabati mawili nikaufunika, nikaweka mawe juu yake upepo usiyapeperushe. Asubuhi nilikuwa nikipita hapo nausalimia, mtu mzima na ndevu zangu. Matofali yote ya mazoezi yalikuwa yamo ndani yake, na ya mkandarasi tulikatazwa kuyachezea. Lakini tusidanganyane, si matofali yaliyotuzuia. Tuliogopa. Wengine walikuwa wanasema waziwazi kwamba mazoezi yako ndiyo yaliyokuua.

Basi kazi ikaanza kuoza polepole, usingeweza kuonyesha siku yenyewe iliyoanzia. Mkandarasi alileta vibarua wapya ili bweni liishe kabla wasichana hawajafungua shule, na hakuna aliyewafundisha. Miguu ikaanza kutembea tena. Nikaanza kusikia zile kelele za zamani, leta tofali, wapi udongo, wewe umelala wapi. Hata sisi wa zamani tukalegea, maana hakuna aliyekuwa anatucheka asubuhi. Siku moja injinia akapima kona ya upande wa ziwa kwa pimamaji lake, akapima tena, akaniita. Kona ilikuwa imetoka nje. Hiyo haikuwa ya matope, Jaduong', ilikuwa ya simiti, ya bweni lenyewe ambalo watoto wa watu watalala ndani yake. Akaamuru ivunjwe yote. Akasema ikirudiwa na kukosewa tena, ataleta waashi kutoka Kisumu kwa lori na sisi sote twende kwetu tukalime.

Kwenda kulima mimi naweza. Kilichoniuma ni neno alilosema akigeuka kuondoka. Alisema, "Nilidhani mmefundishwa."

Jioni ile sikula. Niliona kwamba tukifukuzwa pale, hakuna atakayesema Chacha ameshindwa au Ogweno ameshindwa. Watasema yule mzee wa Mfangano hakufundisha watu, aliwachezesha. Miaka yako yote kazini ingefutwa kwa kona moja, na sisi tuliokupenda ndio tungekuwa tumeifuta.

Aliyetuokoa ni Nyar Sori. Najua unatabasamu. Yule mama mjane wa kutoka Sori aliyekuwa akituletea maji kwa debe, ambaye wewe ulimzoesha kuosha timazi na kulitunza kila jioni, na ukimwona anapima kuta zetu tukiwa tunakula ulikuwa unageuza uso usimtie aibu. Asubuhi iliyofuata tulimkuta ameshayaondoa mabati. Alikuwa amesimama mbele ya ukuta wako na timazi mkononi, na sote tulikuwa pale, wapya kwa wazee, tukisubiri kwenda kuvunja ile kona ya aibu.

"Chacha," akasema, "huu ukuta haujapimwa."

Ogweno akamwambia auache. Yeye akajibu, taratibu tu kama anayeulizia bei ya dagaa wa omena, kwamba Jaduong' alisema sheria haina mkubwa. Akaweka uzi juu ya kona, akaachia chuma kikashuka, akangoja kitulie. Tukasogea. Juu uzi ulikuwa umekaa vizuri. Chini chuma kilining'inia mbali na ukuta. Niliingiza kidole changu pale katikati kikapita chote.

Ulikuwa umetoka nje, Jaduong'. Wewe.

Kisha nikasikia mtu anacheka nyuma yangu, nikageuka nimtie adabu, nikakuta ni Ogweno. Alicheka mpaka akashika magoti, na baada ya muda nikaona hicho si kicheko tena. Alilia kwa sauti mbele ya vibarua wa juzijuzi, mtu mkubwa vile. Halafu akajipangusa uso na kofia akasema, "Jaduong' ametoka nje," vile vile tulivyokuwa tunamwambia mtu yeyote asubuhi yoyote. Hapo ndipo wote tukacheka. Tulikucheka vizuri, Jaduong', kama sheria inavyotaka, na nadhani kwa wengi wetu ndiyo mara ya kwanza kukulilia.

Aliyekosea hutoa tofali la kwanza, na wewe hukuwepo. Watu wakanitazama. Nikatoa lile la kona, la juu kabisa. Matope yalikuwa yamekauka na alama ya kidole gumba chako ilikuwa bado ndani yake, na kovu lile la kukatwa na waya likaonekana. Nililishika kitambo. Kisha nikalipangusa, nikaliweka kwenye safu na mengine, na Ogweno akatoa la pili.

Kuna wanaosema uliukosea makusudi, kwamba ulijua tutauabudu ukatuwekea mtego. Vijana wapya wanaipenda hadithi hiyo na wanaisimulia kila mahali. Mimi nawaacha waisimulie. Lakini nilikuwa karibu nawe, niliuona mkono. Ulikuwa mgonjwa, ukachoka, ukakosea kama mtu. Na ukuta wa mtu aliyechoka hubomolewa, hujengwa mwingine. Nakuheshimu zaidi hivyo kuliko ungekuwa mganga.

Asubuhi ile ile tukajenga upya kwa matofali yale yale. Kila kibarua mpya nilimsimamisha kati ya wawili wa zamani, nikachukua kijiti nikakaa juu ya mfuko wa simiti nikawa nachora hatua zao mchangani. Injinia alisimama kwa mbali, mikono mfukoni, akatutazama mpaka mwisho. Lori la Kisumu halikuja. Kona tuliivunja, tukairudia, tukaipima watu watatu kila mmoja kivyake. Bweni lilipata paa kabla ya wasichana kufungua shule. Siku ya ukaguzi yule mkaguzi alizunguka nyumba nzima na kifaa chake, akarudi akauliza kama hawa mafundi wametoka Nairobi. Injinia akasema hapana, wametoka hapa hapa, wamefundishwa. Nilienda nyuma ya tangi la maji nikakaa kidogo.

Ngoja nijivune, maana wewe hukuniruhusu ukiwa hai. Mtihani wa ufundi wa serikali tumeufanya. Ogweno amepata cheti, mimi nimepata, na wengine watatu uliowafundisha. Ogweno amekitia chake kwenye fremu akakitundika juu ya kitanda, na mkewe anasema anakisalimia kabla ya kumsalimia yeye. Nyar Sori, ambaye siku hizi anajenga nasi, alikataliwa safari ile, ati hakuna mwanamke kwenye orodha. Mwaka huu nimemwandikisha tena. Karani akaniuliza kama nimekosea jina, nikamwambia jina ni hilo, na kama ana shaka aje asubuhi tumpe matofali washindane. Ameliandika. Mtihani bado, lakini nakwambia yule mama akishindwa nitakula timazi.

Hapa Migori tunajenga banda la soko, na safari hii mimi ndiye msimamizi. Watu ni wengi tangu Uhuru, kila mtu anataka shule, anataka zahanati, anataka duka la mawe, na mafundi ni wachache. Wanakuja kutafuta kazi wengine wametoka kwetu Kegonga, wanajua ni mimi, wananisalimia kwa Kikuria wakidhani ndiyo cheti. Nawapa matofali na matope. Wanajenga kando ya vijana wa Kijaluo, ukuta mmoja, na asubuhi wote wanachekwa kwa lugha zote tatu. Ogweno ndiye mwalimu wa kona. Ndiyo, Ogweno. Akimaliza anapiga ukuta teke la kwanza mwenyewe, na mgeni akishangaa anamwambia hiki ni kibao cha shule, kijana, futa uandike.

Sasa nije kwenye ahadi. Ogweno anasema pale ulipolala pana rundo la udongo na mawe, na kipande cha ubao chenye jina lako, na mvua zimeanza kuufuta wino. Kazi hapa ikifungwa wakati wa kiangazi tutakuja Mfangano. Mimi, Ogweno, Nyar Sori na kila atakayepata nafasi kwenye mashua. Matofali tumeshayachagua, yale yale ya mazoezi, tuliyaomba tukapewa bweni lilipokwisha. Yamebomolewa mara nyingi mno na bado ni mazima. Tutakuzungushia ukuta mdogo kwa simiti nzuri, na tutakuja siku isiyo Jumamosi, usiwe na wasiwasi.

Ogweno anasema ukuta huo usiguswe na mtu tena, na safari hii sibishani naye. Lakini kwanza utapimwa. Nyar Sori atashika uzi. Ukitoka nje hata nusu kidole tutacheka, nitatoa tofali la kwanza hapo hapo miguuni pako, na tutaanza upya mpaka usimame. Ukisimama nitasema lile neno lako moja ulilokuwa unalisema kwa shida, "Ber," ni vizuri, na tutaosha miiko yetu ziwani.

Pumzika, Jaduong'. Mazoezi ni kesho saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kama kawaida.

Ni mimi,
Chacha, Jakuria wako